Sikio la Kuazima

Baba mdogo alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, na juu ya rafu ya sabuni palikuwa na redio isiyozimwa tangu asubuhi hadi anapofunga. Aliponunua simu yake ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliilaza kando ya redio hiyo kwa kuwa ndipo palipokuwa na soketi. Siku moja nimekaa juu ya gunia la mchele, taarifa ya habari inasomwa, mara redio ikakoroma: trrt-t-t, trrt-t-t, trrrr. Baba mdogo akajifuta mikono, akasema, "Simu inakuja." Haikupita hata sekunde tatu, ikaita.

"Umejuaje, Baba?"

"Redio imeniambia."

Kwa miezi kadhaa niliamini redio ile ilikuwa na kitu. Kisha nikaanza kuusikia mkoromo ule kila mahali. Msikitini spika zilikoroma katikati ya hotuba na watu wakaanza kugeuka kumtafuta mwenye simu kabla haijalia. Kwenye mabasi dereva aliinyoshea mkono simu yake ingali kimya.

Sababu yake ni nyepesi kuliko uchawi nilioufikiria. Simu za siku zile, za mfumo wa GSM, hazikutuma mawimbi mfululizo. Simu kadhaa ziligawana masafa mamoja kwa zamu, kama majirani kwenye bomba moja la maji, kila mmoja akikinga kidogo na kumpisha mwenzake, na zamu ya simu moja ilirudi mara 217 katika sekunde. Mawimbi yenyewe yako juu mno, hakuna sikio linaloyapata. Lakini ile washa-zima ya zamu ilinaswa na nyaya za redio, amplifaya ikaikuza bila kuulizwa, na mitetemo 217 kwa sekunde ni sauti ya kawaida kabisa, karibu na kimo cha mwanamke anayezungumza. Simu zilizofuata zilibadili utaratibu huo, na mkoromo ukapotea mitaani polepole bila mtu kuuaga.

Pale dukani hakuna aliyeongezewa sikio. Kitu kilichokuwa nje ya hisi zetu kilipitishwa kwenye mlango tuliokwisha kuwa nao. Vyombo vyote nitakavyovitaja hapa hufanya kazi hiyo hiyo: ni wakalimani. Na mtu yeyote aliyewahi kukaa kati ya bibi yake na mgeni, akimtafsiria huyu na yule, anajua kwamba mkalimani hasemi yote. Kuna anachokikata, kuna anachokilainisha. Mimi hupenda kujua alichokiacha.

Mlango wenyewe ni mwembamba. Sikio la kijana mwenye afya hupokea mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde, na upande wa juu huanza kubomoka mapema. Nimepita miaka 40, na kuna milio ya chaja ambayo wanangu huilalamikia nami sijui wanazungumzia nini. Upande wa chini mambo ni tofauti: huko mtetemo haupotei, ila unaacha kuwa sauti na kuwa kitu kifuani. Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha matatu yenye spika kubwa anajua mpaka huo uko wapi mwilini mwake.

Mwaka 1984 Katy Payne alikuwa amesimama kwenye mpaka huo bila kujua. Alikuwa Mmarekani aliyesoma muziki na biolojia, na yeye na Roger Payne walikuwa wametumia miaka mingi wakisikiliza nyangumi wenye nundu. Roger ndiye aliyetoa santuri ya nyimbo za nyangumi mwaka 1970; Katy ndiye aliyegundua kwamba nyimbo hizo hubadilika, msimu hadi msimu, kama mitindo ya wanamuziki wa mjini. Safari hii alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Portland, jimbo la Oregon, akakaa wiki nzima karibu na tembo. Mara kwa mara alihisi hewa ikimpigapiga mwilini, kama radi iliyobaki na mtikisiko tu, bila mngurumo.

Hakuelewa hadi alipokuwa kwenye ndege akirudi nyumbani. Hapo akakumbuka siku alizokuwa mwanakwaya, akisimama kanisani jirani na bomba kubwa kuliko yote la kinanda. Mpigaji aliposhuka kwenye noti za chini kabisa, sauti ilikuwa ikitoweka na jengo kubaki likitetemeka. Mtetemo ule wa kanisani na huu wa tembo ulikuwa mmoja. Sipendi sana hadithi za wagunduzi zinazomalizwa na mtu kushtuka garini au bafuni, maana kwa kawaida huficha miaka ya kazi. Hii naipenda kwa sababu miaka ya kazi imo ndani yake: bila kwaya asingekuwa na cha kukumbuka.

Alirudi na wenzake, William Langbauer na Elizabeth Marshall Thomas, wakarekodi. Kanda ilipoharakishwa, sauti zikapanda hadi zikaingia mlangoni petu. Katika saa ambazo watu waliokuwepo wangeapa kuwa palikuwa kimya, jike na dume, wametenganishwa na ukuta wa zege, walikuwa wakizungumza. Waliyachapisha matokeo yao mwaka 1986.

Kilichobaki kilikuwa kuwafuata tembo wasio na kuta. Payne alikwenda Amboseli, Kenya, ambako Cynthia Moss alikuwa akiwafuatilia tembo kwa majina tangu 1972, na ambako Joyce Poole alikuwa amezoea mngurumo mzito wa madume yaliyopandwa na joto. Huko walipima milio inayoanzia mitetemo 14 kwa sekunde. Fumbo la miaka likaanza kufunguka: familia za tembo zilizoachana kwa kilomita kadhaa zinawezaje kugeuka kwa pamoja, kana kwamba zimepeana habari? Namibia, kwenye hifadhi ya Etosha, watafiti walirusha milio hiyo kwa spika kutoka kilomita 2, na tembo waliokuwa kisimani wakasita, wakatandaza masikio, wakainua vichwa. Jike alipokuwa ndiye mwenye kuita, madume yalishika njia kumfuata. Jioni ndiyo saa yao. Ardhi ikipoa, hewa ya baridi hulala chini ya hewa ya joto, nayo hurudisha sauti ardhini badala ya kuiacha ipotelee juu. Mazungumzo ya tembo hufika mbali zaidi saa zile zile ambazo binadamu hutoa viti nje na kupiga soga.

Sasa mtazame mkalimani. Kanda ukiiharakisha mara kumi, mitetemo 15 inakuwa 150 na unaisikia vizuri. Lakini mngurumo uliochukua sekunde tano umebanwa ukawa nusu sekunde. Mnyama wa tani tatu, aliyekuwa akisema neno moja kwa pumzi nzima, anasikika kama mtu anayewahi basi. Umepata kimo cha sauti, umepoteza mwendo wake. Kompyuta za leo zinaweza kupandisha sauti bila kuibana, ila nazo zinakata na kuunga, na masikio makali huusikia mshono. Nguo ya kuazima, wanasema wahenga, haisitiri matako.

Popo ni kisa hicho hicho kimepinduliwa. Mwaka 1938 mwanafunzi wa Harvard, Donald Griffin, alibeba kizimba cha popo na kumpelekea mwanafizikia George Pierce, aliyekuwa na mashine ya kushusha sauti zilizo juu ya uwezo wa sikio. Walipokielekeza kizimba kwenye mashine, chumba kilichokuwa kimya kikajaa kelele. Spallanzani wa Italia alikuwa amekwisha kuonyesha, katika miaka ya 1790, kwamba popo aliyetiwa upofu huruka salama na popo aliyezibwa masikio hujigonga. Watu walimcheka: masikio yanaonaje? Sasa jibu lilikuwa likipiga kelele kwenye spika.

Griffin na Pierce, hata hivyo, hawakulichukua. Popo walipoachiwa waruke chumbani, mashine mara nyingi ilinyamaza. Wakaandika kwa tahadhari kwamba huenda milio hiyo ni ya kuitana tu. Kosa lilikuwa la chombo: pembe yake ya kupokelea sauti ilisikia vizuri kile tu kilichokuwa mbele yake, na popo arukaye hupita mbele ya pembe kitambo kidogo mno. Ilibidi Griffin aungane na mtafiti mwenzake Robert Galambos, watundike nyaya gizani, wawazibe popo masikio, kisha midomo, ndipo wakathibitisha kwamba popo hupiga kelele na kusoma mwangwi wake. Katika hadithi yote ya vyombo vya kusikia, huo ndio ukurasa ninaourudia zaidi. Chombo kilichowafungulia mlango ndicho kilichowadanganya kwamba chumba ni kitupu.

Leo kifaa cha kusikilizia popo kinaingia mfukoni, na kile cha bei nafuu hutumia ujanja ambao wapiga udi wanaujua bila kuuita jina. Udi hufungwa nyuzi mbili mbili. Nyuzi za jozi zikikosana kidogo, unasikia sauti ikiyumba, wau-wau-wau, na kadiri unavyozikaribisha ndivyo myumbo unavyopungua kasi hadi ukafa. Myumbo huo ni tofauti ya nyuzi mbili. Kifaa hufanya hivyo: popo akilia mitetemo 45,000 na wewe ukakitegesha kifaa kwenye 43,000, unasikia tofauti, yaani 2,000. Mdundo wa popo unabaki na mwendo wake halisi, hata unamsikia akiharakisha milio anapomkaribia mdudu, tak, tak, tak-tak-tak, mpaka ikawa mchaniko mmoja. Ila umbo la kila mlio, jinsi unavyoteleza kutoka juu kwenda chini, limepotea. Ukitaka umbo, rekodi kisha uchezeshe polepole mara kumi. Utalipata, na utaupoteza mwendo. (Msomaji wa Pemba asihangaike na kifaa hiki kwa popo wake mkubwa maarufu. Yule hana ufundi wa mwangwi. Anatumia macho na pua kama sisi sokoni.)

Mpaka hapa nimezungumzia watafiti, na mtafiti hulazimika kumwonea haya mkalimani wake. Mwanamuziki hana haja hiyo. Alvin Lucier alifundisha chuo cha Brandeis, karibu na Boston, na mwaka 1965 alikuwa katika ukame wa kutunga. Mwanafizikia Edmond Dewan, aliyekuwa akichunguza mawimbi ya ubongo, akamwazima vifaa vyake. Ubongo wa mtu aliyetulia na kufumba macho hutoa mawimbi ya umeme dhaifu mno, kati ya 8 na 13 kwa sekunde, yaitwayo alfa. Ni dhaifu kiasi kwamba kuyapata juu ya ngozi ya kichwa ni kama kusikiliza mnong'ono kupitia ukuta. Tena hata yangekuwa sauti, yangekuwa chini ya mlango wetu, kule waliko tembo.

Njia ya kanda ilikuwepo: yarekodi, yaharakishe, yakoroge, upate muziki wa kielektroniki kama uliokuwa ukitungwa siku zile. Lucier aliikataa, na mimi naona uamuzi huo una thamani kuliko muziki wenyewe. Alitaka mtu akae mbele ya watu na jambo litokee pale pale. Basi mwezi wa Mei mwaka huo, kwenye jumba la sanaa la chuo, aliketi kitini, akabandikwa elektrodi kichwani, akafumba macho. Mawimbi yalikuzwa na kupelekwa kwenye spika nyingi zilizotapakaa ukumbini. Spika haiwezi kukusikilizisha mitetemo 10 kwa sekunde, lakini ile karatasi yake ya mbele inaweza kuicheza: inatoka na kuingia mara kumi, unaiona kwa macho. Lucier aliegemeza spika hizo kwenye ngoma, matoazi na patu. Karatasi ikasukuma ngozi, ngozi ikalia. Ukumbi mzima ukawa unavuma na kurindima kwa ngoma zisizo na mpigaji, na mtu aliyeketi kitini alikuwa hatikisiki.

Ugumu wake ndio utamu wake. Alfa huja mtu asipowaza picha yoyote. Akifumbua macho hukatika, akijitahidi sana kuileta hukatika. Fikiria msanii ambaye kazi yake jukwaani ni kutotaka kitu, mbele ya watu waliokuja kumtazama, huku masikio yake yenyewe yakisikia kila anapofaulu na kwa kufurahi tu akaharibu. Mpiga ngoma wa kawaida akitaka kishindo huongeza nguvu. Huyu alipaswa kujisahau.

Na kama tafsiri, naiona ni nadhifu kuliko zote nilizozitaja. Lucier hakupandisha kimo, hakubana muda. Kumi zilibaki kumi. Aliyapitisha mawimbi kwenye ngozi ya ngoma, kitu ambacho tangu zamani kazi yake ni kugeuza kipigo kuwa sauti.

Mwenzake katika kutumia kilichopo ni Christina Kubisch wa Ujerumani, ingawa yeye aliingia kwa mlango wa nyuma. Tangu miaka ya 1980 alikuwa akitengeneza kazi za sauti zinazosikilizwa kwa vipokea sauti vyenye koili ndani, vinavyonasa sumaku-umeme kutoka nyaya alizozitandaza mwenyewe. Kadiri miaka ilivyopita, sauti zake zikaanza kuvamiwa na mivumo asiyoialika. Miji ilikuwa ikijaza vifaa. Mtu mwingine angetengeneza vichujio. Kubisch aliacha nyaya zake, akawapa watu vipokea sauti na ramani, akawaambia watembee. Milango ya kuzuia wezi madukani hupiga midundo, mashine za kutolea fedha zina wimbo wake, tramu hupanda na kushuka kama mtu anayelia.

Toleo la maskini la matembezi hayo linapatikana kwa redio yoyote ya mawimbi ya kati. Iweke mahali pasipo na stesheni, usogee nayo nyumbani mwako. Taa za LED za bei rahisi hunguruma, chaja hupiga mluzi, kompyuta huchakarisha kama mafuta ya moto. Chini ya yote kuna muungurumo wa umeme wa ukutani. Kwetu Afrika Mashariki umeme hupiga mara 50 kwa sekunde, na transfoma ya mtaani huvuma mara mbili ya hapo, 100. Kwa Marekani ni 60, transfoma zao huvuma 120, karibu noti tatu za piano juu ya zetu. Mabara yanavuma kwa vimo tofauti, na wanaohama hawaambiwi.

Ngozi nayo ni mlango, na mtafiti Paul Bach-y-Rita aliupima hadi mwisho. Mwaka 1969 alieleza kiti alichokitengeneza na wenzake: nyuma ya mgongo pana vijipigio 400, safu 20 kwa 20, vimeunganishwa na kamera ya televisheni. Palipo na mwanga kijipigio hutetema, palipo na giza hunyamaza. Watu vipofu waliketi na kujifunza, na baada ya saa nyingi walitambua simu, kikombe, hata nyuso. Kilichonishangaza ni sharti moja. Kamera ikishikwa na mtu mwingine, walihisi mchonyoto mgongoni tu. Walipoishika wenyewe, wakaigeuza watakavyo, mgongo ukasahaulika na kitu kikahamia mbele yao, kilipo. Siku moja mtafiti aligusa lenzi ya kuvuta picha bila kumwambia aliyeketi. Picha ikajaa ghafla, na yule mtu akajirusha nyuma kukikwepa, ingawa vijipigio vilikuwa huko huko nyuma alikokimbilia.

Wengine walitumia sikio kwa kazi hiyo. Kabla ya mwaka 1920 Fournier d'Albe wa Birmingham alikuwa na mashine iliyogeuza herufi za kitabu kuwa mafungu ya noti. Msomaji wake kipofu, Mary Jameson, alianza kwa neno moja kwa dakika, na baada ya miaka ya mazoezi akafika 60. Mholanzi Peter Meijer mwaka 1992 alitumia kompyuta: picha inafagiliwa kutoka kushoto kwenda kulia, kilicho juu kinakuwa sauti nyembamba, kilicho chini nzito, chenye mwanga kina nguvu. Nimeisikiliza programu hiyo. Ni kama redio iliyokosa stesheni. Lakini hata Kiarabu cha redio kilikuwa kelele kwangu kabla ya madrasa, na mwalimu hakunieleza kelele hiyo. Alinikalisha ndani yake miaka minne.

Redio ya Baba mdogo sasa ni yangu. Mara nyingine usiku umeme ukikatika mtaani kwetu naiwasha kwa betri, kwenye mawimbi ya kati, na ndipo ninapojua jinsi tunavyoishi ndani ya makelele: mvumo wote umeondoka, na kutoka kwenye kimya kile zinaibuka stesheni za mbali, mtu anasoma Kurani, mtu anatangaza kwa lugha nisiyoijua, sauti zinakuja na kuzama kama mashua. Watoto hukaa karibu yangu kwa kuwa hakuna televisheni. Kisha redio hupiga kishindo kimoja kikavu, mvumo ukarudi na kuzifunika stesheni zote, na kabla taa za ndani hazijamaliza kupepesa mtaa mzima unasikika ukishangilia.